Ushanga Ndani ya Oili ya Moto

Jumamosi nilikabidhi funguo za ghala. Jumatatu nikaamka alfajiri kama kawaida, nikaoga, nikajifunga khanga, nikachukua mkoba, na nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba siendi popote. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Basi nikarudi ndani nikatafuta daftari, maana nyinyi vijana wa kaunta mlinisumbua mwezi mzima: "Bi Zai, tuandikie." Haya, nawaandikia. Mambo ya mshahara na vyeo nayaacha. Ya mshahara yatawachekesha, na ya vyeo hayakuwa mengi. Nitawapa habari za oili ya injini, na habari za Fundi Nandonde, mwalimu wangu, ambaye nusura nimvunjie heshima mbele za watu kwa ajili ya oili hiyo hiyo.

Niliingia duka lile la mtaa wa Gerezani nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye duka la oili! Tajiri, mwenye duka, alivitazama, akanitazama, akanionyesha pipa na pampu ya mkono. Siku zile oili nyingi tuliiuza ya kupima. Mteja anakuja na dumu lake, wewe unazungusha mpini, oili inashuka taratibu, na usipoangalia inakushukia wewe. Ilipofika saa nne viatu vilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ilipofika adhuhuri vilikuwa rangi ya chai ya rangi. Nikajifunza siku hiyo kwamba kila kazi ina nguo yake, na ya kwetu si nyeupe.

Mteja wangu wa kwanza alitaka oili "nzito". Nikamuuliza nzito kiasi gani. Akanihurumia. "Dada, wewe mgeni hapa? Chota kidogo, upeleke kwa Fundi aishike."

Fundi alikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya paa la mabati. Mtu wa Masasi, mrefu, mkimya, na ndiye fundi pekee niliyemjua aliyepiga pasi ovaroli yake. Nilimpelekea oili kwenye kifuniko cha chupa. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, mwanangu." Akachovya kidole gumba, akasugua na cha shahada, akafumba macho. Kisha akavitenganisha vidole polepole, akitazama uzi wa oili unavyovutika hadi unapokatika. "Hii inabeba," akasema. Nikarudi dukani, mteja akanunua bila neno jingine.

Ndivyo mtaa mzima ulivyochagua oili. Uzi ukivutika mbali, "inabeba". Ukikatika mapema, "hii maji", na dumu linarudi rafuni, hata liwe na maandishi gani. Madereva wa malori, wa teksi, baadaye wa bajaji, wote walipitia kwenye vidole vile. Tajiri wetu, ambaye alibishana na kila mtu mpaka na mamlaka ya maji, hakuthubutu kubishana na vidole vya Fundi Nandonde.

Na msidhani alikuwa mbabaishaji. Mengi ninayoyajua ni yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukitaka kupima kiasi cha oili, gari lisimame pasipo mteremko, lizimwe, na usubiri oili ishuke kwanza. Watu wanachomoa kijiti cha kupimia injini ingali inatikisika halafu wanashangaa oili "imepotea". Alinifundisha kunusa oili iliyoingiwa petroli. Alinifundisha kwamba oili kuwa nyeusi si dhambi, maana kazi yake ni kubeba uchafu, na anayebaki mweupe kazini huenda hafanyi kazi. Alivitazama viatu vyangu aliposema hivyo. Nilimpenda kuanzia siku ile kama baba.

Lakini jambo moja lilianza kunikera. Kesi iliyoniamsha ilikuwa ya muuguzi mmoja wa Upanga. Alikuwa na gari dogo, limeshushwa bandarini mwaka ule, na kila asubuhi likiwashwa lilikuwa linakwaruza kama mtu anayekoroga kokoto. Mafuta nayo lilikuwa linakunywa kuliko alivyoambiwa. Nikafungua boneti, nikatazama mfuniko wa kumiminia oili. Umeandikwa 0W-20. Ndani walikuwa wamemwekea 20W-50, ile iliyokuwa "inabeba".

Hapa nieleze, maana bado nawaona wengine mnababaika. Namba ya kwanza, yenye ile W, inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, injini inapowashwa. Namba ya pili inaeleza unene wake ikishapata moto. Kitaalamu unene huo unaitwa mnato; mtaani tunasema uzito. Injini mpya mianya kati ya vyuma vyake ni myembamba, inataka oili nyepesi ipite haraka. Injini iliyochoka mianya imepanuka, oili nyepesi inapita mbio bila kukaa, hivyo inataka namba ya pili iliyo kubwa zaidi. Kwa hiyo nzito si sifa, ni kipimo. Kiatu kikubwa si kizuri kwa kila mguu.

Nilimwendea Fundi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Hiyo ishirini ni ya kwao, mwanangu. Kule kuna theluji. Huku Bongo joto, oili itakuwa maji."

"Fundi, namba ya pili haina habari na theluji. Injini ikishachemka haijui kama iko Upanga au Japani. Ndani ina joto lake."

"Nani kakwambia?"

Nikarudi dukani. Lakini muuguzi aliniamini mimi, sijui kwa nini, labda kwa kuwa tulikuwa wanawake wawili tu pale. Tukaweka ishirini. Asubuhi iliyofuata mkwaruzo haukusikika, na baada ya wiki akaniletea sambusa sahani nzima. Nikampelekea Fundi nne. Akala, akafuta mikono. "Bahati," akasema.

Neno lile "bahati" liliniuma kuliko kama angenitukana. Nikaanza kusoma karatasi zinazokuja na mizigo, zile ambazo sote tulikuwa tunafungia vitumbua. Kwenye moja nikakuta mistari miwili: mnato katika nyuzi arobaini, na mnato katika nyuzi mia moja. Na ile namba ya pili ya kwenye dumu inatokana na mstari wa nyuzi mia moja. Nikasimama na karatasi yangu yenye mafuta ya vitumbua. Vidole vya Fundi vina joto gani? Joto la mtu. Hata arobaini havifiki. Na nyuzi mia moja ni nini? Nilikumbuka fizikia ya kidato cha pili. Ni maji yanayochemka. Ni birika la Mama Shani, muuza chai wetu wa mlangoni, linalochemka pale tangu asubuhi mpaka jioni!

Nilicheka peke yangu hadi mteja akaniuliza kama niko salama.

Vifaa niliviokota hapa hapa. Kwenye duka linalouza vitu vya maabara ya shule nilinunua neli mbili za kioo, ndefu, za kulingana. Kisha nikaenda Kariakoo kwa wauza shanga, nikachagua zile ndogo za kioo, ndogo kuliko punje ya mchele. Kila mwanamke wa pwani anaijua kazi nyingine ya shanga hizo, sina haja ya kueleza. Unajaza oili hii neli hii, na ile neli ile. Unazisimamisha ndani ya maji yanayochemka kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Unazitoa, unafuta kioo, na kabla hazijapoa unaangusha ushanga mmoja kila upande kwa wakati mmoja. Unaotangulia kufika chini umepita kwenye oili nyepesi. Hakuna saa, hakuna mahesabu.

Mwanzoni haikufanya kazi. Shanga zilikuwa zinashuka ovyo, mara huu mbele, mara ule, hata kwenye oili ya pipa moja. Siku tatu nilihangaika. Kumbe tundu la ushanga linabeba hewa, na hewa inauzuia. Dawa yake ni kuuchovya kwenye oili kwanza na kuusugua mpaka tundu lijae. Andikeni hilo mahali. Mama Shani naye alikuwa na malalamiko yake: "Zai, oili ikiingia kwenye chai yangu, wateja utawanywesha wewe!" Nikamnunulia sufuria refu la pembeni, tukapatana.

Fundi alinikuta siku moja na shanga zimetapakaa kaunta.

"Hizo umezitoa wapi?"

"Sokoni, Fundi."

"Za nini?"

"Za kupimia oili."

Akageuzia uso barabarani kama mwanamume aliyeingia chumba cha unyago kwa bahati mbaya, na hakuuliza tena. Kwa muda mrefu tukaishi hivyo, yeye na vidole vyake, mimi na shanga zangu. Wateja wenye magari mapya walizidi kuja kwangu, wenye magari ya zamani kwake. Amani ilikuwapo.

Halafu Tausi akachumbiwa.

Tausi ni kitindamimba wa Fundi. Nikahi ilipangwa kufungwa Masasi, siku ya Ijumaa, na Fundi ndiye walii, wa kumshika mkono mkwe na kumwozesha. Sasa mjue kwamba binti yake wa kwanza aliozeshwa na baba mdogo, kwa sababu Fundi siku hiyo alikuwa amekwama porini njia ya Somanga na lori la watu wengine, injini imenoki, imekufa kabisa. Aliwahi kunihadithia mara moja tu. Alisema alifika siku ya pili, akakuta wanaosha masufuria. Kwa Tausi aliapa: atafika, na atafika na gari lake mwenyewe.

Gari lenyewe ni pikapu ya zamani aliyoifufua kwa mikono yake. Nzuri, lakini injini imekula chumvi. Ikiwa baridi haina neno. Ikishachemka, ukisimama kwenye foleni ya Msimbazi, taa nyekundu ya oili inaanza kukonyeza kwenye dashibodi. Maana yake shinikizo la oili limeshuka na vyuma vinakaribia kusuguana vikavu. Kushusha injini na kuifungua upya kusingewezekana. Ilikuwa Jumatatu, na safari ni Jumatano, na godoro la bibi harusi lilikuwa limeshafungwa nyuma. Kilichobaki ni kuchagua oili sawasawa.

Jumanne asubuhi alikuja dukani. Tulikuwa na aina mbili zilizomfaa kufikiria: oili ya pipa namba 40, ile iliyoandikwa namba hiyo moja tu, bila W, na 20W-50 ya madumu. Akachovya, akasugua, akavuta uzi. Ya pipa ilivutika mbali zaidi. Kwa kweli hata mimi nilipoishika niliona ndiyo nzito.

"Nipimie hii," akasema.

Nilijua ile ya pipa ni nene ikiwa imelala, lakini ikichemka inalegea kuliko mwenzake. Na njia ya Masasi ni ndefu, mzigo mzito, jua kali.

"Fundi, hapana. Hiyo itakukwamisha."

Walikuwapo mafundi watano sita, madereva wa bajaji, na tajiri mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia Fundi Nandonde hapana juu ya oili.

"Itanikwamisha," akarudia, taratibu. "Haya. Lete shanga zako."

Mama Shani akasogeza jiko. Watu wakaongezeka mlangoni. Hata wa duka la mikanda ya feni walifunga wakaja. Fundi akataka tuanze na oili ya baridi. Nikaangusha. Kwenye 20W-50 ushanga ulishuka mbele. Kwenye ya pipa ulijikokota kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji kichwani. Umati ukashangilia. "Vidole oyee!" Fundi hakutabasamu, lakini niliona mabega yake yakishuka kwa raha.

Kisha tukazitia neli kwenye maji yanayochemka, tukasubiri. Nikazitoa, nikafuta, nikaangusha. Ushanga wa oili ya pipa ulifika chini, tap, na wa pili bado ulikuwa njiani.

Hakuna aliyeshangilia.

"Badilisha shanga," akasema Fundi. Nikabadilisha. Ikawa vile vile. "Badilisha neli." Nikaziosha, nikabadilisha. Vile vile. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Alisimama, akakunjua mikunjo ya ovaroli yake, akavuka barabara bila kununua kitu.

Mama Shani aliondoa sufuria lake bila kunitazama. "Ukweli wako ungemnong'oneza," akasema. "Heshima si utumwa, Zai." Nikaenda ghalani, nikalia nyuma ya mapipa. Nililia kwa aibu, na zaidi kwa hofu kwamba sasa kwa hasira ataenda kununua ile ya pipa kwa jirani.

Saa kumi na moja jioni, wenzangu wakiwa wanafagia, nikasikia mtu kaingia. Alikuwa Fundi, peke yake, amevaa kanzu, amebeba dumu tupu, oili chafu ya pikapu ameshaimwaga.

"Nisamehe, Fundi," nikasema. "Sikupaswa mbele za watu."

"Ungesemea wapi? Mimi nilisema mbele za watu miaka yote." Akavitazama vidole vyake. "Hivi vimeshika oili iliyolala tu. Havijawahi kuishika ikiwa kazini, vingeungua." Kisha akaniangalia usoni. "Nipe hamsini. Lakini sikiliza, mwanangu. Mwanangu mwingine ananisubiri kule. Nimeacha kipimo changu nimechukua chako."

Nilimpa madumu mawili, moja la kujaza na moja la akiba. Usiku ule sikulala vizuri. Kupima oili ni jambo moja. Injini ile ilikuwa imechoka kweli, na shanga haziangalii vyuma. Kama ingenoki, ingenoki kwa neno langu.

Aliondoka Jumatano alfajiri. Mchana nikapiga simu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Alhamisi, vile vile. Nilimpimia mteja mmoja dumu likafurika, nikampa mwingine chenji ya mtu. Tajiri akaniambia nikae tu. Ijumaa, baada ya swala, kila mtu dukani alikuwa anajifanya ana kazi na hakuna aliyeondoka. Mama Shani alileta chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

Saa tisa simu ikaita.

"Nimeozesha," akasema. Hata salamu hakutoa.

"Alhamdulillahi! Hongera, Fundi!"

"Mkono wa mkwe nimeushika mimi. Mimi, si mtu mwingine." Kisha akakohoa, akawa fundi tena. "Nimetoka kuwazungusha maharusi mji mzima, watu kumi nyuma na ngoma yao, jua hili. Imechemka kweli kweli. Sijaizima. Ngoja, usikate."

Nikasikia boneti ikifunguliwa. Nikaiweka simu juu ya kaunta, nikafungua spika. Mafundi wakasogea, tajiri akasogea, Mama Shani akaingia na birika mkononi. Injini ya pikapu ilikuwa inanguruma pale Masasi, imesimama mahali pamoja, imechemka, taratibu, haigongi popote. Tuliisikiliza kama watu wanaosikiliza matokeo ya mtihani.

"Mmesikia?" akauliza.

"Tumesikia, Fundi. Na ile taa nyekundu je?"

"Taa gani?" akasema, na vigelegele vikapasuka, vya kwao Masasi au vya Mama Shani pale kaunta, sijui mpaka leo.